Risasi Elfu Sita kwa Bastola Moja

Katika mwezi wa Machi, mwaka 1911, bastola mbili za aina mpya ziliwekwa kwenye majaribio katika karakana ya silaha ya serikali ya Marekani mjini Springfield, jimbo la Massachusetts. Kila moja ilitakiwa kupiga risasi 6,000. Wapigaji walifyatua risasi mia moja, wakangoja dakika chache ili chuma kipoe, kisha wakaanza tena. Kila zilipotimia risasi 1,000 silaha ilifunguliwa, ikasafishwa na kutiwa mafuta. Ilipopata moto kupita kiasi ilitumbukizwa ndani ya maji na kurudishwa kazini. Kila mara silaha ilipokwama, jambo hilo liliandikwa. Kazi yote ilichukua siku mbili.

Mtu asiyezoea mambo ya maabara huenda akaona kwamba huo ulikuwa upotevu wa baruti. Askari apewaye bastola aweza kumaliza utumishi wake wote bila ya kufikia hata nusu ya hesabu hiyo. Na ikiwa shida ni kujua kama silaha inapiga, je, risasi kumi hazitoshi? Swali hilo si la bastola peke yake. Mbegu mpya za mahindi, dawa ya malaria, breki za basi, vyote hukabiliwa na swali lile lile: jaribio lililofanywa linampa mtu haki ya kusema nini, na halimpi haki ya kusema nini? Bastola ina faida moja kwa mwalimu wa sayansi, nayo ni kwamba historia ya majaribio yake ina mfano wa jaribio lililopangwa vizuri na mfano wa jaribio lililopangwa vibaya, tena katika jeshi lile lile, na kwa tofauti ya miaka saba tu.

Swali lililotoka vitani

Mwaka 1898 Marekani ilivitwaa visiwa vya Ufilipino kutoka mikononi mwa Wahispania, na mwaka uliofuata ikajikuta vitani na Wafilipino wenyewe, ambao hawakuona sababu ya kubadilishiwa mtawala tu. Maofisa wa Marekani walikuwa na bastola ya silinda, yenye risasi ya kipenyo cha milimita 9 hivi. Baada ya muda malalamiko yakaanza kufika makao makuu. Ilisemekana kwamba adui hupigwa risasi mbili, tatu, hata zaidi, na bado akaja na panga lake mpaka akamfikia ofisa. Habari hizo zilihusu zaidi Wamoro, Waislamu wa visiwa vya kusini, ambao walikuwa wamewapinga Wahispania kwa zaidi ya miaka 300. Taarifa za wakati huo zilijadili kwa urefu kwa nini watu hao hawaanguki upesi. Hazikujadili sana kwamba walikuwa wakiitetea nchi yao.

Kwa upande wa sayansi, malalamiko hayo yalikuwa na upungufu mkubwa. Ofisa aliyeokoka hukumbuka maisha yake yote yule adui aliyepigwa asianguke; hamkumbuki sana yule aliyeanguka kwa risasi ya kwanza. Isitoshe, mtu aliyeshikwa na hofu hudhani kwamba amepiga wakati ambapo amekosa. Mambo ya namna hiyo ni masimulizi, na masimulizi hayawi takwimu ati kwa sababu ni mengi. Hata hivyo jeshi liliyachukua kama yalivyo, likauliza: ni risasi ya ukubwa gani itakayomsimamisha mtu?

Mwaka 1904 kazi ya kulijibu swali hilo walipewa watu wawili: Louis LaGarde, daktari wa jeshi, na John Thompson, ofisa wa idara ya silaha. Walikwenda kwenye machinjio makubwa ya Chicago, wakapiga ng'ombe walio hai kwa risasi za vipenyo na mwendokasi mbalimbali, wakitazama mnyama anachukua muda gani kuanguka. Vilevile walitundika maiti za binadamu na kuzipiga risasi, wakakagua mifupa ilivyovunjika, na wakakadiria jinsi maiti ilivyoyumba. Mwishoni waliandika kwamba risasi ya bastola ya jeshi isipungue kipenyo cha inchi 0.45, yaani milimita 11.4.

Ng'ombe walikuwa wachache. Mmoja alipigwa hapa na mwingine pale, na muda wa kungoja kati ya risasi moja na nyingine haukuwa sawa kwa wote. Risasi zenyewe zilitofautiana kwa mambo matatu kwa pamoja, kipenyo, uzito na mwendokasi, hata isiwezekane kusema ni lipi kati ya hayo lililoleta tofauti iliyoonekana. Mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye angebadilisha mambo matatu katika jaribio moja la kemia angerudishiwa daftari lake.

Lakini kasoro iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa katika zile maiti zilizoyumba, na hapo inabidi kurudi nyuma zaidi ya miaka 160.

Gogo la Robins

Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha kitabu juu ya kanuni za upigaji wa bunduki na mizinga. Ndani yake alieleza chombo chepesi kueleweka: gogo zito la mbao lililotundikwa ili libembee. Bunduki ilipopigwa, risasi ilizama ndani ya gogo, gogo likasukumwa nyuma, na utepe uliofungwa chini yake ukaonyesha limekwenda umbali gani. Kutokana na umbali huo Robins aliweza kukokotoa mwendokasi wa risasi, jambo ambalo hapo kabla hakuna aliyeweza kulipima kwa uhakika. Kwa chombo hicho aligundua kwamba hewa huizuia risasi kwa nguvu nyingi mno kuliko wataalamu walivyokuwa wakidhani.

Kanuni iliyotumika ni ya kuhifadhika kwa momenta. Momenta ya kitu ni tungamo lake likizidishwa kwa mwendokasi wake. Kabla ya kugonga, gogo limetulia na momenta yote ni ya risasi. Baada ya kugonga, momenta ile ile inabebwa na gogo pamoja na risasi iliyomo ndani yake.

Hebu ichukuliwe risasi iliyotumika Springfield mwaka 1911. Kichwa chake, yaani ile sehemu inayoruka, kina gramu 14.9, nacho hutoka kwa mwendokasi wa mita 253 hivi kwa sekunde. Momenta yake ni 0.0149 × 253, sawa na 3.77. Risasi hiyo ikizama katika gogo la kilogramu 5, gogo litaanza kwenda kwa mita 0.75 kwa sekunde, na litapanda sentimita 2.9 juu ya lilipokuwa. Kipimo hicho mtu aweza kukisoma kwa rula. Lakini mwanafunzi asisahau kuangalia nishati. Risasi ilikuja na jouli 477; gogo linapoanza kubembea lina jouli 1.4 tu. Nishati nyingine yote imeishia katika kupasua mbao, kubonyeza risasi na kutoa joto. Momenta imehifadhika kamili, na nishati ya mwendo karibu yote imebadilika sura. Ni mfano mzuri wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba viwili hivyo si kitu kimoja.

Sasa badala ya gogo itundikwe maiti ya kilogramu 70. Risasi ile ile haiwezi kuisukuma kwa zaidi ya sentimita 5.4 kwa sekunde, mwendo wa mtoto anayetambaa polepole. Risasi ya zamani ya milimita 9, yenye gramu 9.7 na mwendokasi wa mita 235 hivi kwa sekunde, ingeisukuma kwa sentimita 3.3. Tofauti hiyo ingeweza kukokotolewa kwa penseli, mezani, bila ya kumfanyia maiti yeyote jambo hilo. Wale mabwana wa Chicago walikuwa wameitumia maiti kama gogo la Robins, tena gogo baya, lenye viungo vinavyoning'inia kila upande. Walikuwa wakipima momenta ya risasi, huku wakidhani wanapima uwezo wake wa kumsimamisha mtu. Jaribio lilijibu, lakini lilijibu swali jingine.

Kutokana na hesabu hiyo msomaji ataona pia uwongo wa yale yanayoonyeshwa kwenye sinema, ambapo mtu aliyepigwa risasi hurushwa nyuma hadi ukutani. Kwa kanuni ya tatu ya Newton, momenta inayompata anayepigwa haiwezi kuzidi ile iliyoupata mkono wa mpigaji. Kama risasi ingekuwa na uwezo wa kumrusha mmoja, ingemrusha na mwenzake. Kinachomwangusha mtu aliyepigwa ni kuharibika kwa ubongo au uti wa mgongo, ama kupoteza damu, na mara nyingine fadhaa tu. Na hayo hutegemea zaidi ni wapi alipopigwa. La ajabu ni kwamba LaGarde na Thompson waliliona jambo hili. Katika taarifa yao waliandika kwamba askari wafundishwe kulenga bila ya kuchoka, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili haina mahali ambapo risasi ya bastola yaweza kuleta matokeo ya papo hapo. Maneno hayo yamesahauliwa na wengi. Kipimo cha inchi 0.45 ndicho kilichokumbukwa, pengine kwa sababu namba ni rahisi kukumbuka kuliko onyo.

Wala haiwezi kusemwa kwamba vyombo bora vya kupimia havikuwapo. Tangu miaka ya 1860 Mbelgiji Le Boulengé alikuwa amebuni kipima-muda cha umeme ambacho mwalimu wa fizikia atakipenda. Fito mbili za chuma, ndefu na fupi, zinashikiliwa na sumakuumeme mbili. Risasi inakata waya wa kwanza, mkondo unakatika, ufito mrefu unaanza kuanguka. Risasi inakata waya wa pili mita kadhaa mbele, ufito mfupi nao unaanguka na kufyatua kisu kinachoutia alama ufito mrefu ukiwa bado njiani. Kwa kuwa kila kitu kinachoanguka hufuata sheria moja ya mvutano wa dunia, mahali pa alama panaeleza muda uliopita. Kwa njia hii sehemu ndogo kabisa za sekunde hupimwa kwa rula, na saa haihitajiki.

Ndani ya bastola

Amri ya inchi 0.45 ilipokwisha kutolewa, watengenezaji wa silaha walialikwa kuleta bastola za kujijaza zenyewe. Mwaka 1907 zilifika aina kadhaa Springfield, miongoni mwao ile ya Georg Luger kutoka Ujerumani, ile ya kampuni ya Savage, na ile ya kampuni ya Colt iliyobuniwa na John Browning, fundi mzaliwa wa Ogden, Utah. Ile ya Ujerumani ilijiondoa kabla ya safari kwisha. Zikabaki mbili.

Bastola ya kujijaza hukabiliwa na tatizo ambalo bastola ya silinda haina. Risasi iliyo kamili ina ganda la shaba ya manjano, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa mdomoni. Fataki ikigongwa huiwasha baruti, na baruti hugeuka kuwa gesi yenye kanieneo kubwa mno. Kichwa kinasukumwa ndani ya kasiba kwa urefu wa sentimita 10 hivi tu, lakini mwishoni mwa safari hiyo kina mita 253 kwa sekunde. Mwanafunzi akitumia kanuni za mwendo atapata kwamba kani ya wastani inayokisukuma ni nyutoni 4,500 hivi, karibu sawa na uzito wa fahali mnene aliyesimama juu ya kidole. Safari yote inachukua muda usiofika hata sehemu moja kwa elfu ya sekunde. Ndani ya muda huo nyuma ya ganda pawe pamefungwa barabara. Pakifunguka mapema, ganda litapasuka na gesi itamrudia mpigaji usoni. Na mara tu baadaye panatakiwa pafunguke, ganda tupu litupwe nje na risasi mpya iingie. Ni nani atakayetoa ishara ya kufungua, kwa usahihi wa sehemu ya elfu ya sekunde, bila ya saa?

Browning aliipa kazi hiyo momenta yenyewe. Katika bastola yake kasiba imefungamana na kifuniko kizito cha chuma kinachoteleza juu ya mwili wa silaha. Kichwa cha risasi kikienda mbele, kasiba na kifuniko vinakwenda nyuma kwa pamoja. Viwili hivyo vina takriban kilogramu 0.47, kichwa kina kilogramu 0.0149, kwa hiyo kwa kila milimita 100 ambazo kichwa kimekwenda mbele, chuma kimerudi nyuma milimita 3 tu na kitu kidogo. Uwiano huo hautegemei baruti ikiwa kali au hafifu. Baruti ikiwa kali, vyote viwili huenda mbio zaidi kwa uwiano ule ule. Kinachotakiwa, basi, ni kuacha kasiba na kifuniko vishikane mpaka milimita kadhaa zaidi ya hizo tatu zimepita, ambapo kichwa kimekwisha toka na kanieneo imeshuka. Ndipo kiungo kidogo kilicho chini ya kasiba kinaivuta chini upande wa nyuma, meno yake yanaachana na kifuniko, na kifuniko kinaendelea peke yake kutupa ganda na kuikandamiza springi, ambayo nayo inakirudisha mbele pamoja na risasi mpya. Miundo ya kwanza ilikuwa na viungo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Katika muundo wa mwisho cha mbele kiliondolewa. Kitu kilichoondolewa hakivunjiki.

Kilichobaki cha momenta hufika mkononi. Bastola ya kilogramu 1.1 hupata mwendo wa mita 3.4 hivi kwa sekunde, na jouli kama sita na nusu. Hilo ndilo teke analolisikia mpigaji. Sauti inayofuatana nalo ni adui mwingine. Mlio wa bastola huzidi desibeli 150, na milio ya ghafla inayozidi desibeli 140 huweza kuharibu chembe za sikio la ndani ambazo hazioti tena. Katika viwanja vya shabaha vya leo hakuna anayeruhusiwa kusimama bila ya viziba masikio.

Hesabu ya kutokukwama

Majaribio ya mwaka 1910 yalionyesha kasoro katika bastola zote mbili, na watengenezaji wakarudi kwenye mashine zao. Machi 1911 zilikutana kwa mara ya mwisho, kwa masharti yaliyoelezwa mwanzoni. Ya Savage ilikwama au kuharibikiwa mara 37. Ya Browning haikuandikiwa hata mara moja.

Mara 37 katika 6,000 ni mara moja katika risasi 162. Mtu aweza kuona kwamba si vibaya. Lakini bastola hiyo ya Browning hubeba risasi saba katika magazini, na silaha ya upande wa pili ikipimwa kwa kipimo hicho hicho cha risasi saba, uwezekano wa kukwama kabla magazini haijaisha ni karibu 7 kwa 162, yaani mara moja katika 23. Kwa mtu ambaye anaitoa bastola pale tu ambapo hakuna njia nyingine, hiyo ni bahati nasibu mbaya.

Je, sufuri katika 6,000 maana yake haitakwama kamwe? La. Hapa ndipo hesabu ya uwezekano inapoonyesha kwa nini risasi kumi hazitoshi. Chukulia kwamba silaha fulani kwa kweli hukwama mara moja katika 2,000. Uwezekano wa kutokukwama katika risasi moja ni 1,999 kwa 2,000. Uwezekano wa kupita risasi 6,000 mfululizo bila ya kukwama ni sehemu hiyo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 6,000, na jibu ni karibu 0.05. Kwa maneno mengine, silaha yenye kasoro ya kiasi hicho ingeshindwa mara 19 kati ya majaribio 20. Kwa hiyo aliyeona sufuri katika 6,000 ana haki ya kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba kasoro haizidi moja kwa 2,000. Kanuni ya haraka ni kugawa 3 kwa idadi ya majaribio. Aliyepiga mia moja tu bila ya kukwama ana haki ya kusema haizidi 3 kwa 100. Na aliyepiga kumi hana haki ya kudai hata kwamba kasoro haizidi robo. Kanuni hii huwafaa vilevile wanaojaribu dawa. Dawa iliyopewa watu mia bila ya madhara haijathibitishwa kwamba haina madhara kwa mtu mmoja katika hamsini.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inasimama juu ya sharti moja ambalo mara nyingi hupitiwa kimya kimya: kwamba kila risasi ni sawa na nyenzake. Uwanja wa majaribio ni safi, na risasi zake ni nzuri. Vita si hivyo. Watu wa Springfield walilijua hilo, na baada ya zile 6,000 wakaendelea kuitesa silaha. Ilipewa risasi zilizobonyea na ambazo vichwa vyake vilizamishwa mno au vilitokeza mno. Ilitiwa kutu kwa asidi. Ilifunikwa kwa mchanga na tope, ikapigwa. Hapo hawakuwa tena wakiuliza kama bastola inafanya kazi. Walikuwa wakitafuta kwa bidii mahali itakaposhindwa, na huo ndio moyo wa jaribio. Mtu anayeijaribu kazi yake mwenyewe kwa huruma hana tofauti na mwanafunzi anayejisahihishia mtihani.

Tarehe 29 Machi 1911 bastola ya Browning ilikubaliwa rasmi, nayo ilibaki kuwa bastola ya kawaida ya jeshi la Marekani hadi mwaka 1985. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba kipenyo cha risasi yake kilitokana na jaribio la mwaka 1904, ambalo halikuthibitisha lilichodai, na uimara wake ukatokana na lile la mwaka 1911, ambalo lilithibitisha. Silaha moja ilibeba matunda ya majaribio yote mawili kwa miaka 74, na wengi wa walioisifu hawakutenganisha sifa hizo mbili.

Pembe ambayo haikuulizwa

Isidhaniwe kwamba makosa ya namna hii ni ya watu wa kale. Mwezi Januari 2017 jeshi la Marekani lilichagua tena bastola mpya, iliyotokana na aina ya P320 ya kampuni ya SIG Sauer. Aina hiyo ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa raia na polisi, na kampuni ilisema kwamba imetimiza masharti yote ya kuangushwa. Masharti ya namna hiyo hutaja kimo cha kuangushia na namna silaha itakavyotua: kwa mdomo, kwa kitako, kwa ubavu wa kulia, kwa wa kushoto, na kadhalika. Silaha haitakiwi kufyatuka.

Mwezi Agosti mwaka ule ule baadhi ya watu wakaiangusha kwa namna ambayo haikuwamo katika orodha: mdomo ukielekea juu kwa mshazari, ili kisogo cha kile kifuniko cha juu kigonge sakafu kwanza. Ikafyatuka. Haikufyatuka kila mara, lakini ilifyatuka. Waliotunga orodha hawakuwa wavivu. Walichagua pembe zilizo rahisi kupimwa na kurudiwa, kama afanyavyo kila mpimaji. Na silaha inayoponyoka mkononi haina habari na pembe zilizochaguliwa.

Sababu yake iko katika kanuni ya kwanza ya Newton. Bastola inapogonga sakafu mwili wake unasimama ghafla, lakini kifyatulio, ambacho kinaweza kusogea kwa kujitegemea, hakina kilichokizuia. Kinaendelea na mwendo wake wa kushuka. Pembe ikiwa ile ya mshazari, mwendo huo unaelekea upande ule ule ambao kidole hukivutia. Kwa hiyo kifyatulio kinajivuta chenyewe. Kadiri kilivyo kizito ndivyo momenta yake inavyokuwa kubwa, na ndivyo kinavyoweza kuishinda springi inayokishikilia.

Hata majaribio ya jeshi lenyewe, ambayo yaliandikwa katika taarifa ya serikali ya mwaka 2017, yaliligundua tatizo hilo kwa njia salama. Ndani ya bastola iliwekwa risasi isiyo na baruti wala kichwa, bali ganda tupu lenye fataki peke yake. Bastola ikaangushwa, fataki ikalia. Kampuni ikabadilisha sehemu za mtambo wa kufyatulia na kuweka nyingine za aina ile ile, zilizo nyepesi zaidi.